Mfereji wa Mataifa Matano

Mwaka ule mvua za vuli zilitunyima kabisa. Maharage yangu yalikuwa yametoa maua, na kila aliyelima maharage anajua kwamba ua likikosa maji halimngoji mtu. Linadondoka tu.

Nilikuwa mjane bado kijana, na mtoto wangu Amina mgongoni. Marehemu mume wangu aliniachia shamba moja kwenye mteremko ulio chini ya Vuga, mwisho kabisa wa mfereji, pale maji yanapofika yakiwa yamechoka. Shemeji yangu Ramadhani, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameshaniambia kwamba shamba lisilozaa hurudi kwenye ukoo. Msimu huu nikikosa mavuno atalilima yeye, nami nirudi Zirai kwa baba yangu. Alinieleza kwa upole sana. Mtu mwenye uhakika hana haja ya kupaza sauti.

Sasa pale kijijini tulikuwa na mwalimu, Paskali, mtu mrefu mwembamba mzaliwa wa Mtae. Enzi hizo za Mwingereza magazeti yalitufikia yakiwa yameshazeeka, tena mengine yalikuja yamefungiwa sukari kutoka madukani Lushoto. Mwalimu aliyakung'uta, akayanyoosha juu ya goti, na kila Jumamosi jioni akawasomea watu wazima habari za dunia. Nilikuwa nakaa karibu na mlango. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na kusikia mtu anasoma ilikuwa kama kusikia harufu ya chakula kinachopikwa kwa jirani.

Mwalimu akimaliza kusoma, alifumba macho akaanza kutafakari kwa sauti. Alisema dunia nzima ni mfereji. Aliye juu anakula kabichi, aliye chini anasikia harufu yake.

Jumamosi moja akasoma kwamba mataifa yamekutana huko Ufaransa yakaandika kuwa watu wote wamezaliwa huru na wako sawa, na kila mtu ana haki ya kula, ya kupumzika, na ya kutonyang'anywa mali yake. Halafu Mzee Mussa akauliza kama katika hao watu wamo na wake. Mwalimu akasema wamo. Na wakwe? Wamo. Ikaonekana wazi kwamba wazee wanaona mataifa yamefanya pupa, yangelala kwanza yakaamua asubuhi.

Mimi nikauliza kama yumo na mtu wa mwisho wa mfereji.

"Hasa huyo," mwalimu akasema.

Nilirudi nyumbani nimejaa maneno hayo kama mtu aliyeshiba. Lakini mwalimu alikuwa amefanya kosa. Mzee mmoja aliuliza mataifa mengi hivyo yanaongozwaje, naye akaeleza kwamba lipo baraza lenye wakubwa watano, na mmoja wao akitoa kura ya turufu, yaani akikataa, jambo limekufa hata kama wengine wote wanalitaka. Habari za haki wazee walizisikiliza huku wanasinzia. Hii ya wakubwa watano waliamka kuisikiliza, wakaomba irudiwe, na kiza kikaingia wakiwa bado wanauliza.

Mfereji wetu nao ulikuwa na wazee watano wa kugawa maji. Juma lililofuata wakatangaza kwamba wao ndio lile baraza.

Wakagawana mataifa. Shemeji Ramadhani akachukua Uingereza kwa sababu alikuwa na kofia aliyopewa na bwana shamba. Mussa akachukua Marekani, maana nyumba yake ndiyo peke yake iliyoezekwa kwa bati. Abrahamu akaomba China, akisema nyumbani kwake watu nao hawahesabiki. Urusi ilikataliwa na wote, kwa kuwa ilisemekana kuna baridi, basi akapewa Mzee Abdallah anayekaa juu kabisa kwenye ukungu, ambaye ameshazoea. Athumani siku hiyo alikuwa mnadani Lushoto. Aliporudi akaambiwa yeye ni Ufaransa. Akakubali, ila akauliza kama huko ndizi zinastawi.

Baraza haliwezi kukaa chini mavumbini, kwa hiyo wakahamia darasani. Wakaketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, kila mmoja na kibao cha kuandikia kimening'inia shingoni kina jina la taifa lake. Watoto wakabaki bila darasa na bila vibao. Mwalimu akawa anawafundisha upenuni.

Jambo la kwanza lilikuwa maji. Wakakubaliana kitu kimoja tu: mpaka waelewane, mfereji ufungwe. Wakaziba kichwa cha mfereji kwa vigogo vya migomba na tope, na maji yote ya kijito yakamwagika korongoni, ambako hakuna mtu anayelima. Vyura walinenepa.

Kisha Uingereza ikapendekeza maji yaanze kwake. Marekani ikakataa. Marekani ikapendekeza yaanzie kwenye bati. China ikakataa. Na Mzee Abdallah, mtu wa wajibu tangu ujana wake, akamwuliza mwalimu kazi ya Urusi ni ipi hasa, asije akaifanya vibaya. Mwalimu ni mtu asiyesema uongo. Akatazama gazeti, akamwambia kwamba kwa kadiri inavyoandikwa, Urusi imekataa mara nyingi kuliko wengine.

Basi. Kuanzia hapo Mzee Abdallah akakataa kila kitu. Walipotaka kufungua zaidi dirisha lililokuwa nusu wazi, alikataa. Walipotaka kulifunga, alikataa. Mkewe alimletea uji akaukataa, ingawa macho yake yaliufuata mpaka mlangoni.

Mwalimu alijaribu. Aliingia akawasomea upya zile haki, polepole, na wanne wakakubali kwamba ni maneno mazuri. Urusi ikakataa kuwa ni mazuri, kwa hiyo rasmi hayakuwa mazuri.

Mimi kila asubuhi nilikwenda kutazama maua. Yale ya chini yalikuwa yameanza kujikunja.

Jioni moja mwalimu akapita kwangu kunipa pole. Alikaa kwenye kigoda, akafumba macho kama kawaida yake, akasema amewafundisha watu ugonjwa kabla ya kuwafundisha dawa. Akasema huenda hata wale wakubwa wenyewe, huko waliko, wamekaa kwenye madawati madogo. Nikamwacha atafakari mpaka amalize, halafu nikamwuliza, mtu akikosea mbele ya baraza lile, nani anamhukumu.

"Baraza lenyewe."

"Wote watano?"

"Wote watano. Mmoja akikataa, hakuna hukumu."

Akafumbua macho. Tukatazamana.

"Mama Amina, mimi sijakwambia kitu."

"Hujaniambia, mwalimu. Kunywa chai yako."

Kesho yake, jua limeshapanda na watu wote wako mashambani wananiona, nilimfunga Amina mgongoni nikachukua jembe nikapanda hadi kwenye kichwa cha mfereji. Niliwaamkia wote niliopishana nao njiani, maana haki haimzuii mtu kusema shikamoo. Nikavuta vigogo kimoja kimoja. Maji yakasitasita, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, halafu yakaingia. Nikashuka nayo. Nikayapitisha kwa Mussa bila kuyagusa, kwa Abrahamu, kwa shemeji, mpaka kwangu, nikakaa chini kwenye tuta nikayatazama yanavyonywewa na ardhi.

Sijamaliza kukausha miguu, nikaitwa.

Nilisimama mbele ya yale madawati. Shemeji Ramadhani alikuwa ameshaandaa hukumu: nimevunja amri ya baraza, ninyang'anywe shamba leo hii, hakuna haja ya kungoja mavuno. Marekani ikakubali. China ikakubali. Ufaransa ikakubali, mradi watu wawahi kwenda kula. Wote wakamgeukia Mzee Abdallah. Nilisikia moyo wangu unapiga kwenye kifua cha mtoto, au wa mtoto unapiga kwenye mgongo wangu, sikuweza kuipambanua.

Mzee Abdallah alinitazama. Mpaka leo sijui alikuwa anawaza nini.

"Nakataa," akasema.

Shemeji akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Akamweleza taratibu kwamba hili ni jambo la kukubali, kila mtu amekubali.

"Mimi ni Urusi, bwana."

"Basi leo tu kuwa kitu kingine."

"Hilo nalo nakataa."

Wanawake waliokuwa wamekuja kunisindikiza walisikia yote kutoka dirishani, lile ambalo halikuweza kufungwa. Asubuhi iliyofuata nilipopanda na jembe langu nikawakuta huko wamenitangulia, na wake wa mataifa yote matano wamo. Tulipangana zamu hapo hapo, wa mwisho wa mfereji naye na siku yake. Kila aliyefungua maji aliitwa barazani, akashtakiwa, wanne wakamhukumu, Urusi ikakataa, akarudi shambani. Kesi zilikuwa nyingi mno wazee wakakosa hata muda wa kwenda kukagua nani anamwagilia nini. Walipochoka wakataka kulivunja baraza lenyewe. Unajua nani alikataa.

Maharage yalizaa. Siku nilipoyatandaza mkekani kuyakausha, shemeji Ramadhani akaja akasimama mpakani. Nikamwamkia, akaitikia. Alitazama lundo, akatazama shamba, akakohoa.

"Uingereza inatambua kwamba shamba hili limezaa," akasema.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba Uingereza haikunioa wala haina udugu na mume wangu. Yule aliyesema nitarudi Zirai ni Ramadhani, kaka wa marehemu. Huyo ndiye ninayetaka kumsikia.

Kibao bado kilikuwa shingoni mwake, na alikishika kama anayetaka kusoma kimeandikwa nini.

"Shamba ni lako, shemeji," akasema mwishowe, kwa sauti yake mwenyewe. "Halirudi popote."

Nikamwambia asante, na kama hana kikao, ashike upande ule wa mkeka, maana mawingu yalikuwa yanapanda na maharage hayajapurwa.

Alishika.