Upande wa Luhaga

Robota la pamba lilikuwa limeshaachiwa juu ya ubao Mayala alipoingia ghalani mbio, akipiga kelele.

"Luhaga! Baba yako kashuka kwenye lori pale sokoni, na kigoda chake kichwani!"

Hiyo si habari ya kumpa mtu aliyesimama mbele ya ratili mia nne za pamba zinazoteremka. Luhaga hakugeuza kichwa. Alilingoja robota mpaka likakaribia kumgusa tumbo, akasogea nusu hatua pembeni, akalisukuma kwa nyonga, na lile zigo likageuka taratibu, likateleza hadi kwenye behewa lililokuwa likingoja mlangoni. Ndipo alipofuta jasho.

"Baba yangu yupi?"

"Kwani unao wangapi? Mzee Ngosha wa Misungwi. Mpagazi alitaka kumpokea mzigo, akafukuzwa kwa fimbo. Mzee anasema kigoda cha manju hakibebwi na mtu wa mjini."

Luhaga alicheka. Miaka kumi alikuwa akimwalika baba yake aje kumwona anacheza mpira, na miaka kumi mzee alikuwa na udhuru: mara ng'ombe anazaa, mara mguu unauma, mara mvua. Safari hii Luhaga alikuwa ametuma maneno machache tu: njoo Jumamosi hii, hakutakuwa na nyingine. Na kweli hakutakuwa na nyingine. Akbarali, mtoto wa mwenye kiwanda na msimamizi wa timu, alikuwa amemwita ofisini wiki iliyopita, akamsifu mpaka Luhaga akashtuka, kisha akamwambia kwamba baada ya mchezo na Bukoba jezi yake atapewa kijana mwingine. Luhaga alikuwa na miaka thelathini na saba. Hakubisha.

Kazi yake kiwandani ilikuwa hiyohiyo ya kusimama chini ya ubao. Wenzake walisukuma marobota kutoka juu, yeye aliyapokea na kuyageuza yaelekee kwenye behewa. Waliojaribu kuyazuia kwa kifua sasa walikuwa majumbani kwao, wakichechemea. Luhaga alikuwa hazuii kitu. Aliliacha robota lije lilivyotaka, na dakika ya mwisho akalionyesha njia nyingine.

Mwaka ule reli ilipofika Mwanza, fundi wa mashine pale kiwandani alikuwa Mswidi mmoja mwenye nyusi nyeupe, jina lake Nilsoni. Kwao aliwahi kuwa beki wa timu kubwa, mpaka goti likamkatalia. Siku moja alisimama kumtazama Luhaga akigeuza marobota, akatazama mpaka chai yake ikapoa. Jioni akampeleka kiwanjani.

"Kazi ni hii hii," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mtu akikupita, wote wataona. Asipopita, hakuna atakayeona. Utaweza?"

Luhaga alisema ataweza. Hakujua alichokuwa akikikubali. Nilsoni alirudi kwao baada ya miaka mitatu, lakini swali lake lilibaki, na kila mwaka lilizidi kuwa zito kwa sababu ya Mzee Ngosha.

Mzee alikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Kule kwao, baada ya mavuno, ngoma mbili hupambana kwenye uwanja mmoja, kila moja na upande wake, na hakuna mwamuzi. Watu wenyewe huamua kwa miguu yao: huhamia kwa yule anayewakuna, na yule ambaye upande wake umebaki mtupu hufunga ngoma zake akarudi nyumbani kimya. Mzee Ngosha alikuwa amewafungisha ngoma mamanju kumi na mmoja. Alimngojea mwanawe ashike nafasi yake, na mwanawe akaenda mjini kusimama mbele ya pamba.

Kisha mzee akasikia habari za mpira. Akasikia kwamba watu wa Mwanza hujazana nyuma ya goli linaloshambuliwa na timu yao, ili wayaone mabao kwa karibu, na wakati wa mapumziko timu zinapobadilishana magoli, watu nao hukimbilia upande wa pili. Kwa hiyo beki wa Mwanza, tangu mwanzo mpaka mwisho, huwa yuko kule ambako hakuna mtu.

"Mwanangu anacheza mahali walipokimbia watu," mzee aliwatangazia Misungwi nzima.

Maneno hayo yalimfikia Luhaga, na yalimuuma kuliko teke lolote alilowahi kupigwa.

Mchana ule alimkuta baba yake nje ya nyumba, ameketi juu ya kigoda chake cha miguu mitatu, na Tereza, mke wa Luhaga, amepiga magoti akimnawisha mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda. Huyu mkeo anakulisha au anakutazama?"

"Baba, kula kwanza, utanisema baadaye," Tereza alijibu huku akificha kicheko.

Mzee alimega ugali, akamtazama mwanawe juu mpaka chini. "Haya. Nimekuja kuwaona hao watu wanaokupa mgongo."

Luhaga alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga kwa siku nyingi. Alisema tu, "Mchezo ni saa kumi, baba," akaingia ndani kutafuta jezi yake.

Kiwanja cha Nyamagana kilifurika siku hiyo. Timu ya Bukoba ilikuja kwa meli na mabaharia wake wote, na majabali yaliyozunguka yalijaa watu mpaka kileleni. Mzee Ngosha alikiweka kigoda chake katikati ya umati, nyuma ya goli la Bukoba, maana mtu wa ngoma hujua pa kukaa. Mwanawe alikuwa upande wa pili kabisa wa kiwanja. Kutoka pale alionekana mdogo kama mtu aliyetumwa kuchunga.

Mwanza walifunga bao moja kabla ya mapumziko. Umati ulilipuka, kofia zikaruka, mzee akamezwa na vumbi na makelele, na waliokuwa karibu walisema aliyafurahia makelele yale kama yake.

Kipenga cha mapumziko kilipolia, umati ukafanya ulivyozoea. Wote walitimua mbio kuelekea goli la pili, wakicheka na kukanyagana. Luhaga na Mayala, ambaye ndiye aliyekuwa kipa, walitembea kinyume chao kwenda kulilinda goli lililoachwa. Walipofika walikuta majani yaliyolala kwa kukanyagwa, mbuzi wawili, na Mzee Ngosha juu ya kigoda chake, kidevu juu ya fimbo. Tereza alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake na kibuyu cha togwa, kwa heshima.

"Baba," Luhaga alisema kwa aibu, "watu wamehamia kule."

"Nimewaona. Manju hakimbilii watu."

Kipenga kikalia.

Dakika ya tano tu, beki mwenza wa Luhaga aliteguka goti, akabebwa nje. Siku zile aliyetoka ametoka, hakuna wa kuingia badala yake. Mwanza wakabaki kumi, na Bukoba wakajua pa kupitia. Walikuwa na mshambuliaji mmoja anaitwa Venant, karani mwembamba mwenye viatu vya ngozi na mbio za ajabu. Kipindi cha kwanza alikuwa akiwakimbiza mabeki wawili. Sasa alimkuta mmoja, peku, mwenye mvi mbili tatu kidevuni.

Alikuja kwa kasi na mpira mguuni. Luhaga hakumfuata. Alimngoja, akamwacha aje alivyotaka, akasogea nusu hatua, akatoa nyonga. Venant aliendelea na safari yake kuelekea kwenye kibendera cha kona. Mpira ulibaki na Luhaga.

Nyuma yake alisikia sauti ya mzee. "Amemfanyaje yule?"

"Sikuona, baba," Tereza alijibu.

"Na mimi sikuona. Hebu tuangalie tena."

Hawakungoja sana. Venant alirudi kwa kushoto, akarudi kwa kulia, akarudi na mwenzake mmoja, kisha wawili. Kila mara Luhaga alingoja mpaka moyo wa Mayala golini ukakaribia kusimama, na kila mara jambo lile dogo lilitokea, na mpira ukabaki. Mzee alianza kuguna. Mara ya nne alipiga fimbo chini. "Nyonga!" alifoka. "Tereza, ni nyonga! Nimemwona!"

Luhaga hakugeuka. Mtu hageuzi kichwa robota likiwa kwenye ubao. Lakini mbele yake, mwisho wa kiwanja, alikuwa akiiona ile safu nyeupe ya kanzu nyuma ya goli la Bukoba, na alidhani macho yanamdanganya. Safu ile ilikuwa inapungua.

Mgongoni akasikia mtu akikohoa. Ikamjia harufu ya sato, kisha sauti ya muuza samaki, "Sogea kidogo mama, na mimi nione." Wakaja wengine. Alisikia kandambili, fimbo, na mabaharia wakibishana Kihaya. Venant akaja tena, nyonga ikafanya kazi yake, na kicheko kikapasuka nyuma ya goli, kicheko cha watu kama hamsini. Waliokuwa mbali walikisikia kile kicheko wakaona wanapitwa. Hata waliokuwa juu ya majabali waliteremka kwa makalio, wakakimbia. Luhaga alihisi ardhi ikitetemeka chini ya nyayo zake, na furaha ikampanda mpaka akaogopa kwamba ataangua kilio mbele ya Bukoba nzima.

"Mtazame Venant," alijiambia kwa sauti. "Venant tu."

Zilipobaki sekunde chache, Mayala alitoka golini kupangua krosi, akaukosa mpira, akaanguka. Mpira ukamdondokea Venant mguuni. Mbele yake palikuwa na goli tupu na Luhaga.

Venant naye alikuwa amejifunza. Safari hii alikuja polepole, akaikazia macho ile nyonga, hakutazama kingine. Luhaga alimngoja. Alingoja kuliko siku zote, akamwona mpinzani wake anachoka kungoja, na Venant alipojirusha kulia akiamini nyonga itakuja kushoto, Luhaga hakutoa nyonga wala hakusogea hata unywele. Alinyoosha tu unyayo wake, akaukanyaga mpira.

Venant alipita bila mpira, akavuka mstari, akaserereka mpaka miguuni pa Mzee Ngosha.

"Karibu, mgeni," mzee alisema.

Luhaga aliupiga mpira kuelekea ziwani, na refa akapuliza kipenga cha mwisho.

Venant aliinuka akikung'uta vumbi, akihema. Hakuwa mtu mbaya. "Shikamoo, mzee. Huyu beki ni nani wako?"

"Mwanangu," mzee alijibu, na akalirudia lile neno kwa sauti ya uwanjani, ile iliyowafungisha ngoma mamanju kumi na mmoja. "Mwanangu huyu!"

Sasa ndipo Luhaga alipogeuka. Watu walikuwa wamejaa nyuma ya goli lake mpaka kwenye majabali. Kipindi kizima walikuwa na goli la Bukoba la kulitazama, na walikuwa wameliacha. Baba yake alikuwa amepanda juu ya kigoda, Tereza amemshika kiuno asianguke, na mzee hakuwa akimtazama mwanawe hata kidogo. Alikuwa akiutazama upande wa pili, kule mbali, ambako walikuwa wamehamia wale mbuzi wawili tu.

Watu walimbeba Luhaga begani, wakamshusha, wakambeba tena. Akbarali alimfikia akiwa amepoteza kofia. "Luhaga, lile neno la jezi... tutazungumza Jumatatu."

"Sawa, bwana," Luhaga alisema, lakini alikuwa akimtafuta baba yake.

Mzee alikuwa ameshateremka. Alisimama kando ya kigoda, amekipa mgongo, kama mtu aliyekisahau.

"Beba," alisema.

"Baba?"

"Kigoda. Beba, twende. Au nyonga imechoka?"

Luhaga alikiinua kwa mikono miwili, akakiweka kichwani. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Walishika njia ya nyumbani, mzee mbele, yeye nyuma, Tereza na kibuyu chake, na kundi la watu waliowafuata kwa mbali bila kuambiwa.

"Kile unachofanya," mzee aliuliza bila kugeuka, "kinaitwaje?"

"Hakina jina, baba."

Mzee alipiga hatua kadhaa. Kisha akaanza kuguna wimbo ambao Luhaga hakuwahi kuusikia, akafika mahali akakwama, akarudi mwanzo, akakwama palepale tena. Alikuwa anatafuta neno. Luhaga alipunguza mwendo ili asimpite, akaendelea kumfuata, kigoda kichwani, akisikiliza.