Sare Aliyoikataa Ivano

Kwetu, timu mbili zikikutana siku ya mwisho ya ligi na sare inazifaa zote, mechi hiyo tunaiita biskuti: inavunjwa katikati, kila mtu anakula kipande chake. Hakuna anayepanga kitu. Wachezaji wanapigiana pasi za kivivu, mashabiki wanaimba, kisha watu wanarudi nyumbani kula.

Mwaka ule biskuti ilikuwa kati ya Pieve Lunga, timu aliyokuwa akiifundisha mume wangu Ivano, na Montevaro, timu aliyoichezea ubeki tangu hajaota ndevu mpaka goti lilipomkatalia. Montevaro ndiko nilikozaliwa. Baba yangu Olindo, muuza misumari, hakosi mechi yao; siku ya harusi yangu tulimsubiri kanisani mpaka padri akaanza kupiga miayo. Sasa sare ingeziokoa timu zote mbili. Ambayo ingefungwa ingeshuka daraja.

Wiki nzima watu waliishi kana kwamba mambo yamekwisha. Mwenyekiti wetu, Galvan, mwenye kiwanda cha soseji, alikuja nyumbani na paja zima la nguruwe, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya mahindi, ndipo akasema kwamba sare si dhambi. Ivano akamshukuru kwa nyama, akamjibu kuwa vijana wake hawajui kutembea uwanjani na yeye hana muda wa kuwafundisha. Nilicheka. Nilidhani anatania.

Alhamisi baba alikuja kula. Aliweka uma chini kabla hajaonja chochote.

"Mkwe wangu, Jumapili tunacheza au tunatembea?"

"Tunacheza, baba."

"Sisi ndio tuliokulea."

"Ndiyo. Na nikirudisha mpira nyuma mlikuwa mnanizomea. Wewe ndiye uliyekuwa ukianza."

Baba akasema hataki mtu wa kujifanya shujaa mezani, akachukua kofia yake akaondoka na njaa. Niliwaka. Nilimwambia Ivano kwamba timu zipo tele duniani lakini baba ninaye mmoja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nikimshinda nitamwomba radhi. Kwa kucheza, siombi."

Jumapili Montevaro waliingia kwa mwendo wa watu wanaotoka kanisani. Vijana wa Ivano wakawavamia kama nyuki, na watu hawajakaa vizuri, moja bila. Hata mashabiki wetu hawakujua kama inafaa kushangilia. Basi Montevaro wakaamka. Wakasawazisha, wakagonga mlingoti, na Galvan kule jukwaani akawa mweupe kama mafuta ya soseji zake. Kila mtu alimpigia Ivano kelele ajaze mabeki. Yeye, aliyekuwa beki maisha yake yote, akamtoa beki akaingiza mshambuliaji, akarudi kukaa na mikono mfukoni. Nilimpenda sana saa ile, na nilimwonea baba huruma vilevile. Mechi ikielekea ukingoni tukapata kona, kijana wetu mmoja akaupiga mpira kwa kichwa, mbili moja.

Montevaro wakawa wameshuka. Jukwaa lao lilipiga miluzi mpaka masikio yakaniuma, na jina la Ivano, ambalo waliwahi kuliimba kama sala, sasa likaimbwa kwa matusi. Walinzi walimtaka atokee mlango wa nyuma. Alikataa, akaenda kusimama getini, mahali ambapo wageni wote hupita, nami nikasimama naye. Wengine walitema mate chini. Wengine hawakumtazama.

Baba alikuja karibu wa mwisho, macho mekundu, skafu ameikunja mkononi. Ivano alifungua kinywa aombe radhi. Baba akamwahi.

"Umetushusha wewe. Basi njoo utupandishe wewe."

Ivano alimkumbatia mzee, wakalia wote wawili pale getini, mchana kweupe, watu wakiwatazama.

Kiangazi kile tulihamia Montevaro. Galvan mpaka leo hatusalimii.