Nanaa Iliyolala Pipani

Nilikuwa nimeshaipita kona ya kanisa, begi begani, nateremka kutafuta gari la Himo ili nifike Holili kabla ya jua kuwa kali, ndipo swali likanisimamisha: kwa nini pipa liimbe?

Nilikuwa nimekaa Mwika kwa dada yangu Elisifa wiki tatu, na kwangu hizo ni nyingi. Kesho yake, Jumapili, mjukuu wake Violet alikuwa anapata kipaimara, na mimi sherehe huwa nazikimbia. Mzee asiye na mke wala nyumba huulizwa maswali mengi kuliko bibi harusi. Nikaaga mapema. Lakini nilipokuwa nachukua viatu vyangu bandani nilisikia pipa likitoa sauti, ssss, ssss, kama mtu anayechekea puani. Sikulijali. Miguu ikanifikisha kanisani, kichwa kikabaki bandani. Nikageuka.

Niseme kwanza pipa lilikuwa na nini. Daniel, mtoto wa Elisifa, ambaye ndiye baba yake Violet, aliacha pombe wakati wa Pasaka. Aliacha baada ya kuokotwa asubuhi kwenye mfereji, maji yamemfika kidevuni, pikipiki imemlalia mguu. Tangu hapo hakuonja hata tone, na nyumba nzima ilitembea kama imebeba mayai. Sasa kipaimara kimefika. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayeonja kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, mbele ya wazee, waone haina kitu kibaya, halafu anampa mkubwa wao, inazunguka. Asipoonja yeye, hakuna wa kunywa. Wasipokunywa, wataondoka bila kumbariki mtoto.

Kindness, mke wa Daniel, alishauri soda. Mzee Shedrack, mkubwa wa ukoo, akakataa palepale. "Soda kila mtu na chupa yake, kama watu wanaongoja basi stendi. Kata itazunguka na nini?"

Ndipo Elisifa akasema atatengeneza kinywaji cha nanaa. Nanaa imejaa nyuma ya zizi, ukingoni mwa mfereji, ng'ombe wenyewe hawaitaki. Akaichemsha Alhamisi, akaipoza, akatia sukari na ndimu za Kahe, akaimimina kwenye pipa na kuifunika kwa majani ya mgomba. Kinywaji cha wazee lazima kilale, alisema. Maji ya siku hiyohiyo ni ya kunawa.

"Umesahau nini tena?" akaniuliza niliporudi. Alikuwa anachambua mchele.

"Sijasahau kitu. Pipa lako linaongea."

"Kaka, wewe una njaa."

Nikafunua majani. Povu jeupe limepanda mpaka ukingoni. Nikachota nusu kata. Nanaa ilikuwepo, ndimu ilikuwepo, na chini yake kulikuwa na kitu kingine kilichonifinya ulimi. Nikamalizia yote ili nihakikishe. Masikio yakapata joto.

"Elisifa, hili pipa si la mbege?"

"La marehemu mume wangu, unalijua. Nimelisugua mpaka kucha zimeisha."

"Miaka yote aliyopikia humu, unafikiri mbao zimesahau?"

"Nanaa tangu lini ikalevya?"

"Sukari umeitia, pipa ni lilelile, na umeilaza vilevile. Itajuaje kwamba yenyewe si mbege?"

Akachota na yeye. Amepika mbege tangu akiwa msichana, hakuhitaji kumeza. Akatema. "Ruwa, Mungu wangu," akasema, akakaa juu ya ndoo.

Daniel akaingia na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akautupa chini. "Shikamoo mjomba. Nilijua huwezi kuondoka. Ndicho hicho? Nipeni nionje, kesho si mimi ndiye nitakayeonja?"

Akaichukua kata mkononi mwangu, akachota. Joto la Desemba lilikuwa limemchosha, shati limeloa. Nilimwona akinusa. Kisha pua ikarudi mara ya pili, polepole, kama mtu aliyesikia sauti ya rafiki nje ya dirisha. Elisifa akaruka pale kwenye ndoo, akampokonya, akamwaga kwenye shina la kahawa.

"Mama!"

"Imechachuka. Ni kosa langu."

Daniel akatazama udongo ukinywa. "Ningekunywa," akasema. "Kesho, mbele ya watu wote, ningekunywa. Na nisingeishia kwenye kata moja."

Akaliangusha pipa mwenyewe kwa mguu, kinywaji kikamwagika. Kuku wakaja, wakaonja, wakakataa kufukuzwa.

Tukabaki na nanaa yote ya mfereji na mchana mzima, na swali la pili: kinywaji kisicholala kinatengenezwaje? Hakuna aliyejua. Elisifa akaleta kinu. Tukatwanga majani mpaka yakawa uji wa kijani, tukachanganya na maji.

"Mjomba," Daniel akasema, uso umekunjamana, "hii mpe Jersey zizini."

"Ng'ombe hataki nanaa, umesahau?"

"Basi na mimi ni ng'ombe mwenzake."

Tulikuwa tumeiponda mno, ikatoa uchungu wake wote. Mara ya pili Elisifa akatia ndimu na maganda yake, akaenda kugeuza ndizi jikoni, akirudi imekuwa chungu kama kwinini. Mara ya tatu Daniel hakutumia kinu. Aliweka majani na sukari kwenye viganja, akafikicha tu, kama mtu anayenawa mikono bila maji. Sukari ikayachubua majani bila kuyaua. Akakamua ndimu, maganda akayatupa, akamimina maji yaliyochemshwa jana yake, yaliyokaa mtungini.

Tukanywa; hii haikuwa na uchungu, tukachota tena. Nikamwambia niliwahi kunywa chai ya nanaa Taveta, ya moto inayounguza midomo, na bado ilikuwa na ubaridi ndani.

"Ubaridi unatoka wapi, mjomba?"

"Niliuliza. Nikaambiwa kunywa chai, mzee."

Jumapili wazee walikaa kwenye mabenchi chini ya turubai, Mzee Shedrack katikati. Daniel akaja na beseni, nanaa, sukari, ndimu na mtungi.

"Mbege yenu imechelewa kuiva?" Shedrack akauliza.

"Haitaiva, babu. Natengeneza kinywaji hapa hapa, mkiona."

"Kisicholala?"

Daniel akasimama. "Kikilala kinaamka pombe, babu. Na mimi siwezi kuonja pombe. Sitaonja."

Kindness alikuwa ameshika ukingo wa meza kama itaondoka. Daniel akafikicha majani mpaka harufu ikafika benchi la nyuma. Akakamua ndimu, akamimina maji, akachota, akanywa; koo lake likapanda na kushuka, kila mtu ameona. Akapiga goti, akatoa kata kwa mikono miwili.

Shedrack akanusa. "Dawa ya mswaki hii."

Watu wakacheka. Daniel hakucheka, hakuondoa mikono.

Mzee akanywa funda. Akafumba mdomo, akaufumbua, akavuta hewa. "Hebu ngoja. Mmetia barafu?"

"Hapana, babu."

"Mbona upepo unaingia?" Akanywa tena, achunguze. Akavuta hewa tena. Kisha akampa kata mzee aliyekaa kushoto kwake, kwa mkono wake mwenyewe. "Shika. Meza, halafu vuta hewa mdomo wazi, uone."

Kata ikazunguka. Benchi zima la wazee wakawa wameachama kama makinda, wanavuta hewa, wanaulizana ubaridi unatoka wapi.

Walikunywa mpaka beseni likaisha, wakamwekea Violet mikono kichwani, wakaondoka. Baadhi yao walipitia kilabuni. Mzee Shedrack alifariki mwezi wa tano, presha. Daniel alikunywa siku moja Himo, Februari; alirudi akalala bandani, kesho yake akaanza upya, na mpaka naandika haya hajarudia. Kindness anafuga kuku. Violet yuko kidato cha pili Moshi mjini. Elisifa goti linamsumbua. Pipa alimpa jirani, anawekea pumba. Mimi niliondoka Jumatatu. Holili sikukaa. Sasa nimepanga chumba Rau.