Nadhiri ya Kumbia

"Fahamuni, enyi ukoo wa Zamarripa, kuwa tangu leo uvivu umepigwa marufuku katika ua huu."

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, nikatangaza hayo nikiwa juu ya kreti la zabibu, filimbi shingoni. Kreti likavunjika.

"Kumbe shule ya bweni inafundisha kuanguka," akasema binamu yangu Nicanor, bila kuinuka kitini.

Lakini jambo lenyewe halikuwa mzaha. Juma lile muuguzi wa kliniki alitupima sote wawili, akamwambia Nicanor kuwa sukari imeanza kupanda katika damu yake, naye ana miaka kumi na sita tu. Sukari hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya Bibi akatwe mguu. Nikamsihi afanye mazoezi. Akaongeza soda.

Ndipo nikavaa uso wa padri. "Bibi amemwekea Bikira Maria nadhiri. Utacheza kumbia, ile ngoma ya sherehe zetu, kila jioni, mpaka sherehe ya dada yako ya kutimiza miaka kumi na mitano."

Akaacha kutafuna. Hapa Fresno, California, tunaweza kumdanganya daktari. Nadhiri ya Bibi haichezewi.

Basi akacheza. Jioni ya kwanza alihema kama mbuzi aliyepanda ngazi. Dada yake Yaretzi akajiunga, majirani wakaleta spika, watoto wa mtaa wakaruka ukuta, vumbi likatimka hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Sherehe ilipokaribia, Nicanor alimnyanyua Yaretzi juu akamzungusha, akamtua, akaendelea kucheza. Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mimi nilikuwa kitini, napuliza filimbi kwa heshima zote, mkate mtamu mapajani.

Bibi akasukuma kiti chake cha magurudumu mpaka mbele yangu. "Evaristo, nasikia nimeweka nadhiri."

"Ndogo tu, Bibi."

"Aliyeitamka ndiye anayedaiwa. Inuka ucheze."

"Mimi ni kocha."

"Kocha gani anahema akiwa amekaa? Wewe muuguzi alikuambia nini?"

Nikautazama mkate. Haukunisaidia.

Nicanor akasogea, jasho likimtiririka. "Si ulisema uko salama, bwana?"

"Nilidanganya," nikasema. "Yangu imepanda kuliko yako. Nilikuchezesha wewe ili Bibi asipate muda wa kunitazama mimi."