Mizani ya Mama Mkwe

"Mama akikuuliza kuhusu shairi lake, sema ni zuri. Basi," Silvester alimnong'oneza Bupe wakiwa sebuleni kwao, Mlandege, Iringa.

Bupe alikuwa ametoka Iyunga, Mbeya, kuja kula Krismasi kwa wakwe zake watarajiwa kwa mara ya kwanza, na tangu afike alikuwa anakalishwa kwenye kochi na soda mkononi. Kila alipoinuka kusaidia, Veneranda, mama yake Silvester, alimrudisha: "Mgeni haingii jikoni kwangu." Bupe alielewa. Siku atakayoitwa jikoni ndiyo siku atakayokuwa amekubaliwa.

Sasa Veneranda alikuja akijifuta mikono kwa kanga, akampa karatasi. Lilikuwa shairi atakaloghani kesho kwenye misa.

"Nasikia una diploma ya Kiswahili. Lipime."

"Nilipime kweli, mama, au nilisifie?"

Silvester akakohoa.

"Lipime, mwanangu."

Bupe alisoma kwa sauti, kidole kikigonga meza kwa kila silabi:

*Ndani ya zizi ni mwanga, Mtoto amezaliwa,*
*Baridi ya Iringa, shuka akatandikiwa...*

Kidole kikasimama.

"Vina vimekaa vizuri, vya kati na vya mwisho. Lakini hapa kwenye baridi mstari unachechemea. Kila kipande kina mizani nane, hiki kina saba. Halafu kibwagizo, 'Mtoto amezaliwa', unakirudia mara mbili kila ubeti. Mara moja inatosha."

"Padri mwenyewe amelisifia."

"Padri hakuhesabu, mama."

Silvester alifunika uso kwa viganja.

Veneranda aliichukua karatasi, akagonga ule mstari kwa kidole chake, taratibu. Saba. Akarudia. Saba tena.

"Miaka yote naghani kanisani, wananipigia makofi," alisema. "Nikiwauliza, wanasema zuri, mama. Narudi nyumbani na hilo 'zuri' kama mtoto aliyepewa pipi anyamaze." Akamtazama Bupe. "Wewe ungesemaje hapo?"

"'Kwa baridi ya Iringa.'"

Veneranda akagonga. Nane. Tabasamu likamtoka kabla hajalizuia.

"Hiyo nachukua. Ila kibwagizo hunigusii. Mara ya kwanza nawaambia mimi, mara ya pili wananijibu wao. Wewe umehesabu silabi, watu hukuwahesabu."

"Basi ungeandika kwamba hapo wanaitikia, mama. Mimi ningejuaje?"

"Una mdomo wewe!"

"Ndiyo, mama."

Veneranda aligeuka kurudi jikoni. Mlangoni akasimama.

"Sasa umekaa hapo unangoja nini? Viazi vyote vile nitamenya peke yangu? Njoo na kalamu. Ubeti wa nne nao unanisumbua."

Bupe aliweka soda mezani, akaruka kumfuata. Silvester naye akainuka.

"Wewe kaa," mama yake alimwambia. "Malizia soda ya mwenzio."