Ngano ya Aliye Hai

Vidosav alichukuliwa Jumanne, saa ya maharage. Nasema hivyo kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumpakulia, na kijiko kiko mkononi. Wakaingia watu wawili wenye makoti ya ngozi, wakafuta viatu mlangoni vizuri kabisa, wakamwambia waende naye kituoni kwa mazungumzo ya dakika kumi. Akaniambia, "Mama mkubwa, nifunikie sahani." Nikaifunika. Siku ya tatu paka akaifunua.

Mimi ni dada mkubwa wa marehemu mama yake, na ndimi niliyemlea tangu ana miaka sita. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa kunyamaza, maana mtu hafundishi asichokijua. Akakua, akawa mwandishi wa habari, akaanzisha gazeti lake la kurasa nne lililotoka kila Ijumaa, umeme ukiwapo. Toleo la mwisho aliandika kwamba simenti ya daraja letu imeota miguu: imetoka ghalani yenyewe, imepanda mlima, imejijenga ikawa nyumba ya mapumziko ya mkuu wa polisi wa mji wetu, na baraza juu yake. Akaweka na picha ya baraza. Ilikuwa baraza nzuri, siwezi kusema uongo.

Asubuhi yake nikaenda kituoni. Dirishani alikaa sajini Ranko, mtu wa miaka hamsini na ushee, jirani wa mtaa wa nyuma, ambaye nilimjua tangu akikimbia uchi kwenye mvua. Nikamuuliza Vidosav yuko wapi. Akatazama daftari, akatazama dari, akasema hayumo. Nikamuuliza, hayumo kituoni au hayumo daftarini? Akasema, "Bibi Persida, nenda nyumbani upumzike." Basi nikajua yumo kituoni na hayumo daftarini.

Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku ya Mungu. Nilipeleka soksi, hazikupokelewa, maana mwenye miguu hayupo. Nilipeleka sabuni, nikaambiwa hayupo wa kuoga. Tukasimama nje na mabango, mimi na wauza mboga kumi na wawili, tukidai aachiwe. Mvua ikanyesha ikafuta wino, mwisho nikawa nimeshika karatasi nyeupe, na bado askari mmoja akaniambia kwamba hiyo nayo ni uchochezi.

Ndipo akaja wakili Olivera kutoka mji mkubwa, kwa gari lililonywa petroli ya chupa, ile iliyouzwa kando ya barabara mwaka ule. Mwanamke mfupi, mkoba wake ulikuwa mkubwa kumzidi. Alinieleza sheria kwa lugha ya watu. Jaji wa wilaya si mtu mbaya, alisema, lakini hawezi kuamuru aachiwe mtu ambaye polisi wanaapa hawanaye. Ila siku polisi mmoja atakapokiri mbele ya mashahidi kwamba wanaye, wana mawili tu ya kufanya: wamsomee mashtaka siku ile ile, au wamfungulie mlango. Na mashtaka hawana. Kosa la kupiga picha baraza bado halijatungwa.

"Nahitaji sentensi moja tu, mama," akasema. "Yumo humu ndani. Basi. Aitamke yeyote kati yao."

Sentensi moja. Nilitembea nayo kama kijiwe kiatuni. Na nitasema kweli, lililonikausha si kule kunyimwa. Zilipofika siku thelathini, sikujua tena kama ninayemdai ni mtu au kaburi.

Siku moja nikitoka kituoni bila jibu, nikasimama mbele ya mti ulio nje ya posta. Kwetu mtu akifa hatumtangazi redioni. Tihomir mpiga chapa hutoa karatasi yenye ukingo mweusi, na jina, na picha, na maneno mawili matatu ya huzuni. Tunaibandika mlangoni, kwenye nguzo, kwenye miti, na arobaini ikitimia tunabandika nyingine. Karatasi ile haibanduliwi na mkono wa mtu. Hubanduliwa na mvua na upepo, yaani na Mungu mwenyewe. Nimeona picha za wagombea zikichanwa kabla gundi haijakauka, lakini mti wenye karatasi ya maiti hata mlevi huukwepa, akaenda kujisaidia kwingine.

Nikahesabu kwa vidole. Jumamosi, siku ya soko, Vidosav atatimiza siku arobaini tangu aondoke mezani kwangu. Wanasema za mwizi ni arobaini. Nikaona tujaribu kama hesabu hiyo inamwenea na mkuu wa polisi.

Tihomir aliposikia akajipiga ishara ya msalaba mara mbili, na mara ya tatu kwa niaba yangu. Kumchapia aliye hai karatasi ya kifo ni kumwita mauti kwa jina, alisema. Nikamwambia sikutaja kifo. Nikampa maneno yangu, nimeyaandika kwa penseli nyuma ya bahasha: Siku arobaini zimetimia tangu mpendwa wetu Vidosav atutoke. Hatukumuaga. Wote mnaomkumbuka mnakaribishwa Jumamosi saa nne asubuhi.

"Nionyeshe uongo uko wapi," nikamwambia.

Akasoma mara tatu, akatafuta, asiuone.

"Na huu ukingo mweusi?"

"Urembo tu."

Akauliza watu wakutane wapi. Nikamwambia aandike: ngazi za kituo cha polisi. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akasema atachapa mia mbili, na kwa kuwa mtu hukosea kuhesabu anapofanya kazi anayoipenda, zikatoka mia nne.

Moja nikaibandika mimi mwenyewe kwenye mlango wa kituo, mchana kweupe, kwa gundi ya unga. Yaliyofuata nilisimuliwa na mfagizi wa mle ndani. Mkuu aliamuru ibanduliwe. Ranko akasema yeye ana mama mzee nyumbani, hawezi. Wa pili akasema mke wake ni mjamzito. Wa tatu, jitu lisiloogopa kitu, likashikwa ghafla na mgongo, mikono ikakataa kupanda juu ya kiuno. Mkuu akatoka mwenyewe, akanyoosha mkono, akaona wauza mboga wote wamesimama wanamtazama. Mkono ule ukapinda njiani, ukaenda kukuna sikio. Akarudi ndani. Karatasi ikabaki.

Shida ni kwamba mji uliamini. Watu walikuja kunipa pole, wengine wakilia machozi ya kweli. Sikusema ndiyo wala siyo. Nilijibu "Mungu anajua," ambalo ni jibu la haki siku zote. Ijumaa nikachemsha ngano, kama inavyochemshwa kwa arobaini, na njugu za kusaga na sukari juu. Stamenka alikuja kunisaidia. Ni jirani yangu, mjane wa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwona bila kitambaa cheusi kichwani. Tukikoroga akaniuliza kwa sauti ya chini, "Persida, na kama ni kweli?"

Nikamwambia akoroge, inashika chini. Lakini mwiko wangu mimi ulikuwa umekwisha kusimama.

Jumamosi walikuja watu zaidi ya mia tatu. Padri alituma salamu kwamba ameshikwa na mafua, maana hawezi kumwombea maiti bila maiti, na kunikatalia mimi ndiyo hawezi kabisa. Sisi wanawake tulivaa nyeusi tupu. Tukaweka sinia la ngano kwenye ngazi, mshumaa katikati, na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, pembeni. Olivera alisimama upande na mkoba wake, na mashahidi wake wawili, mfamasia na mwalimu wa hesabu.

Kila mtu anajua inavyokwenda: unapewa kijiko, unasema "Mungu amsamehe," unakula, na rakia unamwaga tone chini kabla ya kunywa. Kukataa ni dhambi. Na kula ngano ya mtu aliye hai ni dhambi kubwa zaidi, kwani kila punje unayomeza ni siku unayompunguzia.

Ranko akatoka kututawanya. Alikuwa ameandaa hotuba, nikamwona anaitafuna. Sikumpa nafasi. Nikamjazia kijiko nikakipeleka hadi kwenye masharubu yake, nikasema kwamba kwa desturi kijiko cha kwanza ni cha nyumba ambako marehemu alionekana mwisho. Desturi hiyo niliitunga njiani nikija. Lakini niliisema kwa sauti ya kizee, na hakuna aliyebisha.

"Kula, mwanangu. Umwombee."

Akapokea kijiko, maana mkono wa mtu wa kwetu hupokea kabla kichwa hakijafikiri. Akakitazama. Watu mia tatu wakakitazama. Akakiinua, akakishusha, akakiinua. Nikaona paji la uso linamtoka jasho na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

"Siwezi, bibi Persida."

"Una kisukari?"

"Siwezi. Nitambebea dhambi." Akatazama nyuma, mlango ulikuwa umefungwa. "Huyu mtu yu hai. Yumo humu ndani. Leo asubuhi mimi mwenyewe nimempelekea chai, na akaniambia kwamba ni maji ya kuoshea kikombe."

Hapo nilijua kweli yu hai. Maneno ya kutunga yana adabu. Hayo yalikuwa ya Vidosav.

Olivera alikuwa amekwisha kufungua daftari. Akamuuliza jina lake kamili, naye akalitaja, mpaka la baba yake. Akamuuliza mtu huyo anashikiliwa kwa kosa gani.

"Hakuna kosa, wakili," akasema Ranko, na sasa alikuwa kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. "Ndiyo maana hatujui tumwandike wapi."

Wakacheka watu, mia tatu kwa pamoja, mpaka njiwa wa mnara wa saa wakaruka. Kicheko ndicho kilichomtoa mkuu wa polisi. Alitoka amevaa kofia, mwenye hasira, akaanza kusema kwamba hapa si makaburini. Nikapanda ngazi mbili, magoti yakilia, na kijiko kipya.

"Mkuu," nikamwambia, "kama amekufa, kula, halafu utupe maiti. Kama yu hai, usile, halafu utupe mtu."

Alikitazama kijiko kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua. Akila, atakuwa ametangaza kifo mbele ya wakili. Asipokula, atakuwa amekiri. Akasema kwamba mimi ni kichaa. Nikamwambia sawa, hata kichaa anangoja jibu, na mkono unachoka. Akageuka akaingia ndani, akafunga mlango, na kijiko kikabaki kimejaa. Olivera akaandika: hakula.

Kisha akapakia mashahidi wake na Ranko ndani ya lile gari la petroli ya chupa, Ranko kiti cha mbele, amevaa sare zake, akaondoka nao kwenda nyumbani kwa jaji. Sisi tukakaa kwenye ngazi. Hakuna aliyerudi sokoni. Wauza mboga waliacha kabichi zao zijilinde zenyewe. Mtu akaleta mkate, mwingine jibini, na rakia ikanywewa bila kumwagwa tone, kwa kuwa sasa ilikuwa haina maiti. Tulipochoka kusema tulisema neno moja tu, wote, polepole, kama watu wanaotwanga: mwachieni, mwachieni, mwachieni. Hata mgongo wa lile jitu la tatu ulipona; tulimwona dirishani analisema nasi kwa midomo.

Saa tisa na robo simu ikalia ndani. Dirisha lilikuwa wazi. Tukasikia mkuu anasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Kisha tena, "Ndiyo, mheshimiwa." Mwalimu wa hesabu hakuwapo, ikabidi tuhesabu wenyewe, kwa sauti, mji mzima: moja, mbili, tatu. Ya sita ilikuwa ndogo kama ya mtoto anayeungama.

Mlango ukafunguka, Vidosav akatoka.

Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, anapepesa macho kwa mwanga. Akatutazama: nguo nyeusi, mshumaa, sinia, umati umenyamaza. Rangi ikamtoka usoni.

"Mama mkubwa," akasema, "nani amekufa?"

"Bado hajapatikana," nikamwambia. "Tulikuwa tunakungoja wewe, mwenye shughuli."

Nilitaka kusema na jingine, la mzaha zaidi, nilikuwa nimeliandaa, lakini nikashika chuma cha ngazi, nikalia kama mtoto mbele ya polisi wote, ambalo ni jambo nililoapa sitalifanya. Akashuka akanishika. Alinuka vibaya mno. Sijawahi kunusa kitu kizuri kama kile.

Ngano tukawamwagia njiwa, kwa kuwa njiwa hawana dhambi. Tukamchukua katikati ya barabara, siyo kandokando, magari yakasimama yakapiga honi na sisi tukaona wanatushangilia. Wanawake wakaanza kuvua vitambaa vyeusi na kuvirusha juu, huyu, na yule, mpaka Stamenka naye, katika furaha ile, akasahau, akavuta chake akakitupa hewani. Nywele zikamwagika mabegani. Zilikuwa nyekundu. Nyekundu ya dukani, imepakwa upya, pengine Alhamisi ya wiki ile ile.

Mtaa mzima ukasimama. Vidosav, siku arobaini bila kalamu, akageuka kuniuliza kama kuna mtu ana karatasi. Stamenka akashika kiuno, akatutazama mmoja mmoja.

"Mnashangaa nini?" akasema. "Tembeeni."

Tukatembea.