Ng'ombe za Magige Mtandaoni

Brayan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na simu nzuri na Kiingereza kibovu, na vitu hivyo viwili vikikaa kwenye mfuko mmoja vinaweza kumvunjia mtu nyumba. Siku hiyo alikuwa Sirari, kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki, anaperuzi tu, akakutana na ukurasa wa binamu yake Nikolaus. Juu kulikuwa na picha ya zizi la mzee Magige, baba yake Nikolaus, kule Nyanungu. Chini ya picha yalipangwa majina: Jumapili, Kipara, Mama Wawili, Mnadani, Mkaidi. Ng'ombe wa mzee, mmoja baada ya mwingine. Na pembeni, bei kwa dola.

Brayan akabadilisha zile dola kichwani, akaona zizi zima linauzwa kwa bei ya kuku wawili. Damu ikamchemka. Akapiga picha ukurasa, akautupa kwenye kundi la ukoo, akaandika: "Jamani, Niko anauza ng'ombe za mzee kwa Wazungu. Na za mahari zimo."

Ujumbe kama huo hauhitaji kusukumwa. Ulifika Nyangoto, kijiji cha wakwe, kabla ya chakula cha mchana.

Nikolaus hakuuza ng'ombe yeyote. Aliuza sauti zao. Alikuwa mpiga kinanda wa kwaya, mtu mzima tayari, mwenye kompyuta ya mtumba na betri ya sola, na kwa muda mrefu alikuwa akifanya kazi ambayo nyumbani hakuna aliyemuuliza ni kazi gani. Asubuhi alikwenda zizini na kinasa sauti. Jumapili alipomlilia ndama wake aliyetengwa, Nikolaus alimrekodi. Kisha ndani ya kompyuta aliuvuta ule mlio, akaupunguza mwendo, akaulaza juu ya mwingine, mpaka ukawa kama pumzi ndefu isiyojulikana ilipoanzia. Akauhifadhi uwe toni ya sintesaiza, kile kinanda cha umeme. Mtunzi aliye mbali akiinunua, anaifungua kwenye kompyuta yake, anabonyeza kinanda, na Jumapili anatoka, juu au chini, vile mtunzi atakavyo. Wanunuzi walikuwa watu wa filamu, na watu wa ule muziki usio na ngoma, unaotanda chumbani kama ukungu na kukaa.

Toni zilipokuwa za kutosha kifurushi kimoja cha kuuza, zilihitaji majina. Wenzake wa mtandaoni huziita toni zao majina ya nyota na bahari. Nikolaus hakuwahi kuiona bahari. Akaandika majina ya wenye sauti, na kifurushi akakiita Zizi la Magige. Hilo tu ndilo kosa lake.

Lakini lilimkuta wakati mbaya. Wiki hiyohiyo watu wa Beatrice walikuwa wanakuja kuangalia ng'ombe wa mahari. Beatrice alikuwa fundi cherehani Mugumu, naye na Nikolaus walikuwa wamengojana kiasi kwamba watu walishaacha kuwatania. Baba yake, mzee Simon wa Nyangoto, alikuwa amekwisha sema kwamba hiki ndicho kikao chake cha mwisho. Akiwakataa ng'ombe hawa, shauri limekufa, asirudishiwe tena.

Wakaja. Mama Wegesa, mama yake Nikolaus, akawaletea uji wa ulezi. Mzee Simon akakiweka kikombe chini bila kukigusa.

"Magige," alisema, "nimekuja kuangalia ng'ombe zako, au za Mzungu?"

"Mzungu gani?" Magige alikuwa na simu ya vitufe, na habari za kundi la ukoo hazikumfikia.

Marwa, mdogo wake Simon, akatoa simu yake akaanza kusoma ile picha ya Brayan. "Jumapili." Shingo ya Magige ikageukia zizini. Jumapili alikuwa pale, anacheua. "Kipara." Alikuwepo. "Mama Wawili." Alikuwepo. Magige akawa anageuka kila jina likitajwa, kama mtu anayehesabu watoto baada ya moto.

"Wote wapo!" akasema.

"Wapo leo," Simon akajibu.

"Niko!" Magige akapiga kelele. "Njoo hapa, mwizi wewe!"

Nikolaus alikuwa nyuma ya nyumba, maana mchumba hajitembezi mbele ya wakwe siku kama hiyo. Akaja akiwa ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Simon akasema, kwa sauti ya mtu anayerudisha chenji. "Haya, mura, kijana wa watu. Tuambie."

"Siuzi ng'ombe, baba. Nauza sauti zao. Ni kifurushi cha sauti."

"Kifurushi? Kama cha intaneti?"

"Cha toni. Watunzi wa muziki wanazichukua wanapigia."

"Nani anacheza ngoma ya ng'ombe?"

"Haichezwi. Mtu anakaa anasikiliza, anatulia."

"Anatulia halafu anafanya nini?"

"Anatulia tu, baba."

Marwa akacheka mpaka akashika goti. "Wazungu hawa! Sisi tunamlipa mtu akae anasikiliza ng'ombe, wao wanalipa wenyewe!"

Simon hakucheka. "Tusikie."

Nikolaus akaleta kompyuta na spika aliyokuwa akiitumia kanisani, akaviweka juu ya kigoda. Akabonyeza. Toni ya Jumapili ikatoka taratibu, ikajaa uani, ikapita juu ya vichwa vya wazee. Haikuwa mlio wa ng'ombe tena, na bado ilikuwa. Kutoka jikoni ikasikika sauti ya Mama Wegesa, kali:

"Nani kamfungia ndama wa Jumapili saa hizi? Hamumsikii mama yake?"

Hapo hata wale waliokuja na hasira wakatazamana. Magige akajitahidi kuficha meno.

"Sawa," Simon akasema. "Ni sauti. Nimeelewa. Sasa niambie, kwenye hiyo kompyuta imeandikwa jina la nani?"

Swali hilo halikutoka hewani. Miaka ya nyuma Simon alikuwa na shamba zuri karibu na mto. Binamu yake akatangulia kwenda kuandikisha mipaka, na shamba likaingia kwenye kompyuta kwa jina la binamu. Simon alilima pale, babu yake alizikwa pale, lakini kila alipokwenda kulalamika aliambiwa mfumo unamtambua mtu mwingine. Tangu siku hiyo hakuwa akiogopa mwizi wa usiku. Aliogopa maandishi asiyoyaona.

"Limeandikwa Zizi la Magige," Nikolaus akajibu.

"Umeona? Mimi nimchukue Jumapili nimpeleke Nyangoto, na kule ndani bado ni wa Magige. Kesho nikifa, wajukuu wa Magige wanakuja na karatasi kwa wanangu. Mfumo unatambua! Hapana. Sikubali mara mbili."

"Andika jina lake basi," Marwa akasema. "Kuna ugumu gani?"

"Kwenye zizi langu?" Magige akasimama. "Zizi langu haliandikwi jina la mwanamume mwingine. Afadhali mtoto asioe."

Nikolaus akawatazama wote wawili. Hii miaka yote, Beatrice akishona suruali za watu Mugumu na kumwambia subiri, subiri, baba atalegea. Na sasa wazee wawili walikuwa wanagombania ng'ombe aliyeko hewani. Angeweza kukifuta kifurushi chote, wamalize. Alifikiri hivyo kweli. Lakini Simon ni mtu wa kuuliza tena, na kitu kilichofutwa kingemtia mashaka zaidi.

"Tata," akamwambia baba yake, "ng'ombe akienda kwa mkwe, anabaki zizini kwako?"

"Anabakije?"

"Basi na sauti yake isibaki. Watakaochaguliwa leo nitawatoa kwenye kifurushi chako. Nitafungua kingine. Zizi la Simon, Nyangoto. Ng'ombe na sauti yake waondoke pamoja."

Magige akakaa. Hilo lilikuwa na kichwa na miguu. Alilipindua akilini akitafuta alipodhulumiwa, hakupaona.

Simon naye akaitikia kwa kichwa polepole, kisha akaacha. "Na wale waliokwisha kuinunua? Utawanyang'anya?"

Hapo palikuwa pabaya. Nikolaus alijua angeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu pale ambaye angegundua. Akaitazama fimbo ya Simon iliyokuwa imesimama kati ya magoti yake.

"Hapana, baba. Hao wameshachukua. Siwezi kuwarudisha hata nikitaka."

Watu wa Simon wakaguna. Marwa akafunga simu yake, akaanza kujipapasa kutafuta kofia.

"Lakini hawakumpunguza," Nikolaus akaendelea, na sasa maneno yalimtoka haraka bila heshima nyingi. "Baba, una dume?"

"Nina dume. Dume gani hilo la kuuliza!"

"Jirani akija na mtamba wake, dume likapanda, jirani akaondoka na mimba. Dume limepungua?"

"Limebaki kwangu," Simon akasema.

"Na ndama ni wa jirani. Hakuna anayekuja kudai dume kwa sababu ya ndama. Hao walionunua wana ndama. Jumapili mwenyewe yuko hapa."

Simon akamgeukia Magige. "Mwanao anakodisha madume kwa njia ya upepo."

"Ni mjinga," Magige akasema kwa furaha. "Nimemlea mwenyewe."

Simon akachukua kikombe cha uji, akanywa.

Kubadilisha ukurasa kulitaka mtandao, na Nyanungu mtandao unakaa kwenye mwamba juu ya zizi. Nikolaus akasema atakwenda peke yake. Simon akakataa kabisa. Yeye jambo la kuandikwa kwa jina lake analishuhudia kwa macho. Basi wazee wote wakapanda, wakishikana mikono na kulaumiana magoti, Nikolaus na kompyuta yake, Marwa akiwa amebeba spika.

Kule juu Simon akafanya jambo ambalo halijawahi kuonekana kwenye kikao cha mahari. Alichagua ng'ombe kwa masikio. Nikolaus alibonyeza toni, Magige akamwonyesha ng'ombe mwenyewe chini zizini, na Simon akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Huyo sawa. Lete mwingine. Huyo nani?"

"Mkaidi," Magige akajibu. "Jina lisikutishe, ana maziwa."

"Ana kifua pia. Mchukue. Huyo mwingine hapana, anakwaruza."

"Hakwaruzi! Ni spika!"

"Basi baki naye na spika yako."

Mtandao ulikuja, ukapotea, ukarudi. Mwisho maandishi yakatokea, na Nikolaus akamwinamishia mkwe wake simu. Simon alisoma jina lake kwa kidole, herufi moja moja, midomo ikitembea. Kisha akakunja uso.

"Zizi lenyewe hili mbona dogo?"

"Ni wa mahari tu, baba."

"Wazungu wataniona maskini. Mimi nina ng'ombe kwangu. Una hicho kinasa chako? Kilete Nyangoto."

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka na kundi la ng'ombe wa mahari limeshapita bondeni, Nikolaus alirudi juu ya mwamba akampigia Beatrice. Simu ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Sema haraka," Beatrice akasema.

"Wamewachukua."

Nikolaus akasikia cherehani ya mtu mwingine ikiendelea nyuma ya Beatrice, kisha ikisimama, kama vile chumba kizima kilikuwa kinasikiliza.

"Baba amekataa wangapi?" Beatrice akauliza.

"Mmoja. Alisema sauti yake inakwaruza."

"Inafanya nini?"

"Inakwaruza."

"Niko, umemfanya nini baba yangu?"

"Nimemfungulia zizi mtandaoni. Anataka nije kurekodi wengine walijaze."

Beatrice alianza kucheka, akacheka mpaka ikawa kama analia, na huenda alikuwa analia. "Sikiliza," akasema alipotulia. "Mara ya kwanza unakuja kwetu kama mkwe. Uvae shati. Usije umejizungushia nyaya kama fundi umeme."

"Amesema nisije bila nyaya."

"Basi njoo nazo," Beatrice akasema. "Shati nitakushonea mimi, lenye mifuko mikubwa."